Hasara ni ya Nani? Maneno ya Bandarini na Mfuko wa Mwenye Mzigo

Anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani hutumiwa ankara ambayo, chini ya bei, ina herufi tatu na jina la mji: CIF Dar es Salaam, au CIF Mombasa. Walio wengi husoma jina la mji wakaridhika. Huamini kwamba muuzaji amejifunga kulifikisha gari hadi kwao, na kwamba likizama au likiungua njiani, hasara ni juu yake. Herufi zile hazisemi hivyo. Zinasema kwamba bei imejumlisha thamani ya gari, bima na nauli ya meli mpaka bandari iliyotajwa, basi. Kuhusu hasara zinasema jambo jingine kabisa: imehama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi kule kule Japani, gari lilipokwisha kupakiwa melini. Tangu dakika hiyo bahari yote iliyobaki ni ya mnunuzi. Meli ikizama siku ya pili, muuzaji amekwisha kutimiza ahadi yake, na mnunuzi ndiye atakayehangaika kudai bima. Na bima yenyewe, kwa kanuni za sasa za CIF, muuzaji halazimiki kukata zaidi ya ile ya kiwango cha chini, inayofidia maafa makubwa kama moto, kuzama, kupanda mwamba na kugongana kwa meli. Redio iliyochomolewa na taa zilizoibwa hazimo.

Hoja yangu ni kwamba kila istilahi ya bahari na biashara ni mapatano yaliyofupishwa. Ukiifungua, karibu kila moja utaikuta inajibu swali lilelile: mambo yakiharibika, hasara ni ya nani? Asiyelijua neno siku ya kutia saini hulijua siku ya kulilipia. Na wanaolipia, katika ukanda wetu, wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili, kuanzia muuza vitenge wa Kariakoo hadi mfanyabiashara wa Bujumbura, Kampala au Lubumbashi ambaye mzigo wake hupitia bandari zetu. Kwa hiyo maneno haya hayana budi kupatikana kwa Kiswahili, yamefafanuliwa kikamilifu, pale pale mtu anapowekewa karatasi na kalamu.

Pwani hii ililijua jambo hili zamani sana. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinachoitwa Periplo ya Bahari ya Eritrea, kinaeleza kwamba wafanyabiashara wa Muza, huko Yemen, walipeleka vyombo mpaka Rhapta katika pwani yetu, na kazi hiyo waliwapa manahodha na mawakala wa Kiarabu waliowazoea wenyeji, waliooa kwao na walioielewa lugha yao. Zingatia sifa zilizotajwa. Kujua nyota na miamba hakukutosha. Aliyetumwa kuuza na kununua alitakiwa aelewane na mwenzake kwa maneno. Hata vyeo vya chomboni vilibeba mgawanyo wa dhamana. Nahodha ni neno la Kiajemi lililoungwa kwa chombo na mwenyewe, yaani mwenye chombo, na katika biashara ya Bahari ya Hindi nahodha mara nyingi alikuwa tajiri wa jahazi au mtu wake wa kusimamia mali. Aliyejua njia, akapima nyota na kukisia mikondo, aliitwa mwalimu. Mmoja aliulizwa habari za mzigo, mwingine habari za mwamba. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498 na kupewa mtu wa kumvusha hadi Calicut, mwandishi wa Kireno Barros baadaye alimwita mtu huyo Malemo Cana, kana kwamba Malemo ni jina lake. Lilikuwa cheo chake, mwalimu. Hata hivyo alimfikisha mgeni wake India katika muda wa chini ya mwezi mmoja.

Maneno ya fedha nayo yalikuja na vyombo. Nauli tunayomlipa kondakta wa daladala lilikuwa neno la Kigiriki la ujira wa chombo, likapita katika Kiarabu likatufikia. Mtaliano hadi leo akitaja ujira wa meli husema nolo, na ni neno lilelile. Bima ilitoka Bara Hindi pamoja na hundi. Bandari ni Kiajemi, forodha ni Kiarabu. Ushuru kwa asili yake maana yake ni sehemu moja ya kumi, lakini Sultani Said bin Sultan alipofunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, ushuru uliokubaliwa ulikuwa asilimia 5, nusu ya kile neno linachotamka. Mkataba huo, ulioandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, unaonyesha kwamba watu wa zamani hawakuitegemea asili ya neno; waliitaja asilimia, wakaiandika katika lugha ya kila upande. Hata meli, neno tunaloliona letu kabisa, lilitokana na Kiingereza cha barua, kwa sababu ya vyombo vya moshi vilivyobeba barua. Huduma ya namna hiyo kati ya Aden na Zanzibar ilianza mwaka 1872. Hakuna aliyeona aibu kuazima. Kilichotakiwa ni kwamba mtu akilitamka neno, mwenzake ajue amefungwa na nini.

Na yale yaliyotumika sana chomboni yalipanda pwani yakaenda bara na watu. Mambo yakiharibika tunasema yamekwenda mrama, na mrama ni kule kulala kwa chombo upande huu na upande huu kikipigwa na mawimbi. Aliyeishiwa amepwelewa, kama mashua iliyoachwa mchangani na maji yaliyokupwa. Mzee akimwonya kijana kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, ametaja nyuma ya chombo, mbele yake, na tumbo lake la chini, hata kama yeye mwenyewe amezaliwa Dodoma na hajapata kuiona bahari. Mgombea aliyekatwa jina husemwa ametoswa. Neno hili la kutosa nataka tukae nalo kidogo, kwa kuwa ndani yake mna sheria moja kongwe kuliko nyingi, na bado inawatoza watu fedha.

Chombo kikizidiwa na dhoruba, nahodha huamuru baadhi ya shehena itupwe baharini ili kiwe chepesi kiokoke. Aliyetupiwa marobota yake amepoteza mali. Wengine wote wamefika salama kwa sababu ya mali ile. Je, apate hasara peke yake? Sheria ya Warumi iliyokusanywa kwa amri ya mfalme Justinian katika karne ya sita, nayo ikijinasibisha na kisiwa cha Rhodes, inajibu kwamba hapana: kilichotolewa kwa ajili ya wote hulipwa kwa mchango wa wote. Mwenye chombo na kila mwenye mzigo huchangia kwa kadiri ya thamani ya mali yake iliyookoka. Kanuni hiyo ingali hai, ikiongozwa na Kanuni za York na Antwerp zilizopewa jina la miji miwili ilikojadiliwa katika karne ya 19. Machi 23, 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400 na makontena zaidi ya 18,000, ilikwama katika Mfereji wa Suez. Iliondolewa baada ya siku sita, na hakuna kontena lililotoswa. Hata hivyo mwenye meli alitangaza kwamba gharama za kuinasua ni za wote, na wenye mizigo, waliokuwa hawajapoteza hata sanduku moja, wakatakiwa kutoa dhamana kabla ya kukabidhiwa mali yao. Aliyekuwa na bima ya shehena, kampuni yake ilimtolea dhamana. Asiyekuwa nayo alitakiwa kuweka fedha zake mwenyewe.

Kwa Kiingereza sheria hii inaitwa general average. Mfasiri asiyejua bahari atasoma maneno hayo mawili aandike wastani wa jumla, na msomaji atakuwa amepotezwa kuliko kama asingetafsiriwa chochote. Ukweli ni kinyume: hilo neno la wastani katika Kiingereza ndilo lililotokana na bahari. Lilianza kwa maana ya hasara ya shehena, na wataalamu wengi wa asili za maneno hulirudisha kwenye Kiarabu, awar, yaani kasoro, likapitia kwa wafanyabiashara wa Italia. Kisha kule kugawana hasara kwa uwiano ndiko kulikozaa maana ya wastani. Kwa hiyo ninaposema maneno haya yapatikane kwa Kiswahili, simaanishi mtu aketi na kamusi ageuze neno kwa neno. Namaanisha aulize kwanza neno linamfunga nani, kisha aseme hivyo.

Tulete swali hilo kwenye kontena. Sanduku hili la chuma lina umri mdogo. Safari inayohesabiwa kuwa mwanzo wake ni ile ya Aprili 26, 1956, meli ya Ideal X ilipotoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58 ya Malcolm McLean. Lakini limezaa msamiati unaokamua watu kuliko msamiati wote wa matanga. Mwenye mzigo akichelewa kutoa kontena lake, hupelekewa madai ambayo kwake yote ni faini ya kuchelewa, naye huona anatozwa mara tatu kwa kosa moja. Kumbe ni madai ya watu mbalimbali kwa vitu mbalimbali. Bandari, au bandari kavu ilikohamishiwa kontena, inadai kodi ya nafasi: sanduku limekalia uwanja wao. Kampuni ya meli inadai demareji: sanduku ni mali yake, na lingekuwa limekwisha kurudi kazini. Na kontena likishatoka getini likapelekwa kwa mwenye mzigo, kampuni hiyohiyo ya meli huanza hesabu nyingine, ya siku ambazo sanduku limekaa nje bila kurudishwa tupu. Kila hesabu ina siku zake za bure, na kila moja huanza siku yake. Anayepeleka mzigo Lubumbashi, karibu kilomita 2,000 kutoka Dar es Salaam, na kukutana na foleni ya malori Tunduma, anaweza kuwa amemaliza habari ya bandarini vizuri kabisa huku hesabu ya pili ikitembea naye barabarani, kwenda na kurudi. Kama kwenye makubaliano aliona neno moja tu, demareji, akajua limekwisha, ndipo atakaposhtuka.

Wazee wa jahazi walijua ukali wa siku kuliko sisi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hufuata kuanzia Aprili. Kati yake kuna maleleji, pepo zisizoaminika. Nahodha aliyeshuka kutoka Ghuba na kaskazi alitakiwa awe amekwisha kuuza na kupakia boriti zake kabla kusi halijawa kali mno. Mwandishi na baharia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kikuwait katika miaka ya 1938 na 1939, aliona mabaharia wakipakia boriti katika delta ya Rufiji, kazi ya matope na mbu, nao hawakuwa na mshahara bali mafungu ya faida. Boriti zilihesabiwa kwa korija, na kila mtu katika mnyororo ule, mkata boriti, mpagazi, nahodha na mnunuzi wa Kuwait, alijua korija ni ishirini. Kipimo kilikuwa kimoja katika vinywa vyote. Hilo ndilo lililopotea.

Angalia pia hati ya shehena, ile ambayo mawakala huiita BL. Ni karatasi yenye kazi tatu kwa pamoja: ni stakabadhi kwamba kampuni ya meli imepokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na ni hati ya umiliki, ambayo aliyeishika kihalali ndiye mwenye mzigo. Kwa desturi hutolewa nakala halisi tatu, na moja ikishawasilishwa, nyingine hukosa nguvu. Ndiyo maana benki huzishika zote. Lakini mahali panaponiuma zaidi ni katikati ya ukurasa, palipoandikwa maelezo ya mzigo. Hapo, kabla ya kutaja katoni 400 za viatu au magunia ya mchele, mara nyingi huandikwa maneno mafupi yenye maana ya inasemekana mna. Kontena lilifungwa na muuzaji, kampuni ya meli haikuhesabu kilichomo, na kwa maneno hayo imejitoa katika jukumu la hesabu. Sili ikikutwa nzima na ndani mna katoni 350, shida ya mnunuzi ni na muuzaji wake. Mtu mzima, mwenye akili zake na mtaji wa miaka kumi, anaweza kushika karatasi hii akaona tarakimu 400 akaamini meli imemthibitishia. Ingekuwa imeandikwa inasemekana mna, hakuna msemaji wa Kiswahili ambaye asingeshtuka. Tunaijua inasemekana. Ni neno la habari isiyo na mwenyewe.

Herufi za CIF tulizoanza nazo hazimwachi mtu hata forodhani. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huhesabu thamani ya mzigo wa baharini pamoja na bima na nauli. Chukua mzigo ulionunuliwa kwa shilingi 8,000,000, nauli 1,800,000, bima 200,000. Thamani ya forodha si milioni 8. Ni milioni 10. Kwa bidhaa zilizo katika kundi la asilimia 25, ushuru ni 2,500,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwa Tanzania Bara, hupigwa juu ya milioni 12 na nusu, yaani 2,250,000. Jumla ni 4,750,000 kabla ya tozo nyingine. Aliyepiga hesabu yake nyumbani kwa bei ya kununulia tu alitarajia 3,800,000, na sasa anahitaji 950,000 asizokuwa nazo, wakati siku za bure za kontena zinakwisha. Neno moja ambalo halikueleweka mwezi uliopita limeleta deni, deni limeleta uchelewevu, na uchelewevu una majina yake matatu ya kulipiwa.

Wapo watakaonijibu kwamba bahari ina lugha moja duniani, nayo ni Kiingereza, na kuingiza lugha ya pili ni kuleta utata mahali pasipovumilia utata. Pingamizi hili lina uzito, na sehemu yake naikubali moja kwa moja. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha semi maalumu za mawasiliano ya vyombo kwa Kiingereza, na ni sawa: nahodha Mfilipino na rubani wa bandari wa Tanga hawana nafasi ya kubahatisha mbele ya mwamba. Vilevile vifupisho vya biashara, ambavyo Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara kilichoko Paris kilivitoa mara ya kwanza mwaka 1936 na ambavyo katika toleo la 2020 ni istilahi 11, vina nguvu kwa sababu kila mtu anavisoma namna moja. Visiguswe. Ibaki CIF, ibaki FOB, ile bei isiyo na nauli wala bima. Lakini mwenye kuagiza vitenge hayuko usukanini. Yuko mezani anatia saini, na mahakama itamhesabu kuwa ameelewa. Na Kiingereza chenyewe hakikuyaondoa mashaka kama inavyodhaniwa. Hadi lilipotoka toleo la mwaka 2010, hasara katika FOB ilihesabiwa kuvuka pale mzigo ulipopita juu ya ukingo wa meli. Sanduku likining'inia kwenye winchi, likikatika upande wa gati ni la muuzaji, likikatika upande wa sitaha ni la mnunuzi. Wanasheria walibishana juu ya mstari huo usioonekana kwa miongo mingi, wote wakiwa wanajua Kiingereza vizuri. Tiba ilikuwa kuandika upya kwa uwazi zaidi, na hicho ndicho ninachokidai.

Wengine watasema kazi hii ina wenyewe: wakala wa forodha analipwa ajue, na mwenye mzigo ana haja gani ya kujua kila neno, kama vile mgonjwa asivyojua majina ya dawa? Mawakala wazuri wapo na wanaokoa mali za watu kila siku. Ila daktari akikosea dozi hamwambii mgonjwa kosa ni lako. Sheria ya forodha ya Jumuiya inamhesabu mwenye mzigo kuwa anawajibika kwa matendo na matamko ya wakala aliyemwidhinisha. Wakala akiandika aina ya bidhaa isiyo sahihi, aliyetamka ni yeye, anayedaiwa ni tajiri wake. Asiyeweza kuisoma karatasi iliyoandikwa kwa jina lake hana njia ya kumsimamia aliyeiandika, wala ya kumtambua wakala mwema kati ya wabaya mpaka baada ya hasara.

Pingamizi la tatu huwa la watu wa lugha wenyewe. Kwamba istilahi za Kiswahili hazijakubaliana, wa Lamu anasema hivi na wa Kilwa vile, na kwamba maneno ya chomboni yamekufa pamoja na majahazi. La kutokubaliana ni kweli, nalo ni jambo la kukaa na kusawazisha, kama zilivyosawazishwa za sheria na za benki. La kufa silikubali. Rubani alikuwa mtu wa bandari, sasa anaendesha hata ndege. Usukani umehama jahazi ukaingia kwenye gari. Dira iliyokuwa kwenye kisanduku mbele ya mshika usukani ndilo jina la mpango mkuu wa nchi, Dira ya Taifa ya Maendeleo, ya 2025 na sasa ya 2050. Lugha iliyoyavusha maneno hayo haiwezi kushindwa na kontena.

Hata watunga sheria wameuona uzito huu wa maneno. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Miaka miwili baadaye, Juni 2023, Bunge liliporidhia makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari, nchi nzima iliingia katika mjadala ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa maneno. Je, ni kuuza, kukodisha, kubinafsisha, au kuendesha? Makubaliano na mkataba ni kitu kimoja? Watu wa vijiwe vya kahawa na maprofesa wa sheria waligombania vitenzi, na kila kitenzi kilikuwa na jibu lake juu ya nani atabaki na nini mwishoni. Vyovyote mtu alivyosimama katika suala lile, hakuna aliyesema maneno hayana maana. Ninachouliza ni kwa nini uangalifu ule uishie kwenye mikataba ya serikali na usifike kwenye ankara ya mama anayeagiza viatu Guangzhou.

Na si fedha peke yake. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka katika Ziwa Victoria Septemba 20, 2018 kilikuwa kimesajiliwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Orodha ya abiria, uwezo wa chombo na alama ya mwisho wa kuzama ni istilahi ambazo abiria hujulishwa baada ya msiba, redioni. Uingereza ilipolazimisha alama ya kina ubavuni mwa meli kwa sheria ya mwaka 1876, kwa juhudi za mbunge Samuel Plimsoll, maana ilikuwa kwamba aliyesimama nchi kavu aweze kuona kwa macho yake kama chombo kimezidishwa. Alama isiyojulikana na anayepanda ni rangi tu.

Kinachohitajika si kikubwa. Ni ukurasa mmoja wa Kiswahili uliobanwa pamoja na kila ankara na kila hati ya shehena, wenye istilahi zile chache zinazohamisha hasara, kila moja ikifuatiwa na jina la anayelipa. Katika ukurasa huo ningeandika hivi: kodi ya uwanja, kwa ile inayodaiwa na bandari, tozo ya kukalia kontena bandarini, na tozo ya kukalia kontena nje ya bandari, kwa zile mbili za kampuni ya meli, ili macho yaone kwamba ni mbili. CIF ingebaki CIF, ikifuatiwa na maneno haya: nauli na bima zimelipwa hadi Dar es Salaam, hasara ni ya mnunuzi tangu mzigo kupakiwa. Na ile sheria ya kale ya kutosa, ambayo Kiingereza kimeificha nyuma ya wastani, ningeiita mchango wa kuokoa chombo. Mabaharia na mawakala wakiwa na jina lililo bora zaidi, walilete.